Re: Mbuga za Saadani zikiachwa bila moto, mimea itaongezeka?

Mkuu, umeuliza kwa nini moto usizuiwe kabisa kule Saadani, hifadhi ya taifa ya pwani ya Tanzania, ili mimea ya kila aina istawi. Mara nyingi hutokea kinyume chake.

Nyasi ndefu zikikaa misimu kadhaa bila kuliwa wala kuungua, majani makavu yanajilundika na kuziba jua. Ukipita barabara ya Bagamoyo kwenda huko, panua shungi kuukuu la nyasi kwa mikono: juu kijani, chini makapi matupu, hata kimea chenye ua hukioni. Moto huondoa makapi hayo. Nyati na nyumbu hupunguza nyasi zinazotawala, kwato zao huvuruga udongo, mbegu zikapata pa kuota. Mchwa nao usiwadharau. Juu ya kichuguu huota mimea tofauti kabisa na ya pembeni.

Ila moto peke yake hautoshi. Huko Konza, mbuga ya utafiti Kansas, Marekani, maeneo yanayochomwa kila mwaka bila walaji hutawaliwa na nyasi chache ndefu. Baisani (nyati wa Amerika) walipowekwa, aina za mimea ziliongezeka.

Wakati wa kuchoma pia una maana: mapema kiangazi moto ni mpole, mwishoni ni mkali na huua miche ya miti.

Na mifugo mingi mno? Tazama Mkwaja, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe kabla ya kuingizwa hifadhini. Migunga ilivamia malisho, na hadi leo kuna sehemu imesongamana.