Umesamehe ila ukimwona roho inachafuka? Soma hapa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna dada wa Makambako kanitumia meseji ndefu kweli, kwa kifupi wifi yake alimsema vibaya mbele ya ukoo mzima tena msibani, mpaka leo hajaombwa radhi, na kanisani anaambiwa asamehe na asahau. Kuomba kaomba, kufunga kafunga, ila akisikia tu sauti ya huyo wifi tumbo linamkata. Anauliza, mimi ni mkristo kweli? Dada ni mkristo, hali yako naijua vizuri, ngoja nikupe yangu.

Mnaonisoma siku zote mnajua mimi ni mtu wa viazi. Nilianza kwa kuungaunga, mnatoa viazi huku Uporoto, Mbeya, mnachanga gunia na wenzenu mpaka fuso inajaa inashuka Dar. Kipindi hicho nilikuwa na kaka mmoja tunaimba naye kwaya, yeye sauti ya besi, mimi sauti ya tena, kwangu anakula, watoto wangu wanamwita baba mdogo. Mtaji mkubwa wangu, yeye alikuwa na mdomo wa kuongea na madalali wa soko la Mabibo kule Dar, mimi huo mdomo sina. Sasa mzigo mmoja akasafiri nao yeye. Akanipigia simu analia, oh gari imelala mlima Kitonga, mvua imepiga, viazi vimeoza, kilichopatikana hakifiki hata nauli. Nikamtia moyo jamani, nikamwombea kwenye simu! Baadaye nakunywa chai Uyole na dereva wa gari lile lile, yeye hajui kitu, ananiambia bosi ule mzigo wenu uligombaniwa, Kitonga tulipita usiku hata hatukusimama.

Kilichoniuma sio hela. Hapana naongopa, hela iliniuma sana, ila kilichonimaliza ni kwamba Jumapili alisimama mbele akaimba solo na watu wakalia.

Nilifuata Mathayo 18:15 kama ilivyo, nikamwendea peke yangu, akakana. Nikaenda na wazee wawili, akakana tena akaongeza kwamba namwonea wivu. Wazee wakasema shikaneni mikono yaishe. Tukashikana, haikuisha. Hapo katikati sisimulii, ni kukosa usingizi tu na kukwepa mazoezi ya kwaya.

Kilichonifungua ni sura hiyo hiyo ya 18 nilipoisoma mpaka mwisho, ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 halafu akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Wahubiri wengi wanaipitia ile 100 kama vile hela ya vocha. Ukienda Mathayo 20 unakuta dinari moja ndio ujira wa kibarua kutwa nzima, kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jembe! Yesu hakusema huyo mtu hakudhulumiwa. Deni lipo, linauma, na bado unaambiwa mwachie shingo yake kwa sababu ya lile kubwa ulilofutiwa wewe. Mimi miaka yote nilidhani kusamehe ni kujilazimisha kusema ah, kilikuwa kitu kidogo. Hakikuwa kidogo. Na wifi yako dada hakufanya kitu kidogo.

Halafu hii ya kusahau. Mungu ndiye anasema dhambi zetu hatazikumbuka tena, Yeremia 31:34, ila yeye ni Mungu na wewe una kichwa cha nyama. Soma 2 Timotheo 4 uone Paulo. Marko, yule aliyewahi kuwakimbia safarini mpaka Paulo akagombana na Barnaba kwa ajili yake, hapo anaitwa arudi, anafaa kwa kazi. Mistari michache mbele anatajwa Aleksanda mfua shaba aliyemtenda Paulo mabaya mengi, huyo Paulo anamwachia Bwana amlipe, na anamwambia Timotheo ajihadhari naye. Barua moja, sura moja, watu wawili, majibu mawili. Kwa hiyo mtu asikubebeshe mzigo eti kama umesamehe kweli mpe tena funguo ya stoo.

La kufanya ni nini? Acha kuirudia hadithi kwa kila mgeni, maana kila ukiirudia unaipalilia. Ukimwombea mtaje alichokutendea wazi mbele za Mungu, usiombe kwa mafumbo, Mungu sio balozi wa nyumba kumi. Msalimie. Ukishindwa leo, kesho msalimie. Wapendwa tunabeba vinyongo mpaka kwenye meza ya Bwana halafu tunashangaa maombi hayapandi, tubadilike!

Mimi leo Mungu kanipa stoo yangu Mbalizi na gari linatoka na mzigo wangu mwenyewe, sijivuni ila nashuhudia. Yule kaka alikuja mwaka jana kuomba tuunganishe mzigo kama zamani. Nilimkaribisha chai, tukaongea habari za watoto vizuri tu, na mzigo nikamkatalia. Mama mchungaji akasema nina kinyongo bado. Nikamjibu mama, Aleksanda.

Haya, nimeisimulia leo kwa sababu nimeulizwa, na jina sijataja. Wa kwaya watamjua.