Shahada ya historia ni mwanzo, sasa zishike samani zenyewe
Dada, nimekuelewa: una shahada ya historia, uko Marekani, na unataka kuwa mhifadhi wa makumbusho upande wa samani na kazi za mikono za huko. Omba Winterthur, makumbusho ya samani na kazi za mikono za Kimarekani huko Delaware; programu yao na Chuo Kikuu cha Delaware inafundisha fani hii tangu 1952. Ila kwanza jitolee stoo ya makumbusho yaliyo karibu. Mimi macho yalinifunguka kwa droo moja: niliigeuza, nikapapasa chini, alama za randa ya mkono zikapita vidoleni kama viwimbi. Vyombo vya udongo navyo husimulia: baadhi ya mitungi ya David Drake, mfinyanzi aliyekuwa mtumwa Edgefield, South Carolina, ina jina lake na tarehe, vimechorwa kwenye udongo kabla haujachomwa. Usisafishe chochote mwenyewe. Rangi ya kale ikishatoka hairudi, mwachie fundi aliyesomea kusafisha na kutengeneza vitu vya kale. Suala la viza, mwone mwanasheria mapema.