Mizani inasoma 46, tiketi inasema 23, nitoe nini tena?

SWALI: Habari za kazi. Niko Ipagala hapa Dodoma, mwezi ujao naenda Marekani, binti yangu kajifungua. Tiketi inasema mabegi mawili, kila moja kilo 23. Kanitumia kimizani kile cha kuning'iniza begi, napima la kwanza linasoma 46! Nikatoa unga wa uwele, nikatoa karanga, nikatoa dumu la asali la lita tano maana nalo ni kilo tano zile, sasa zimebaki nguo na vitenge na bado inasoma 25. Mizani mbovu au mimi? – Bibi Mpya

JIBU: Shikamoo mama, na hongera sana ya mjukuu. Mizani nzima na wewe mzima, ila hiyo inahesabu paundi, zile ratili za wazee wetu. Angalia pembeni ya namba kuna viherufi vidogo lb, vidogo kweli, bila miwani huvioni. Tafuta kitufe kimeandikwa UNIT, bonyeza au kishikilie kidogo mpaka itokee kg.

Kilo moja ni paundi 2.2, kwahiyo ile 46 yako ilikuwa kilo 21 kasoro na ulikuwa bado una nafasi ya kilo mbili, umehangaika bure mama yangu. Hiyo 25 ya sasa ni kilo 11 na ushee tu.

Ukitaka kukokotoa bila simu: kilo zako zidisha mara mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya ulichopata. 23 inakuwa 46, ongeza 4.6, unapata 50.6, ndo maana tiketi nyingi za kule zinaandika 50. Kurudi kwenye kilo unagawa nusu halafu unatoa sehemu ya kumi, 50 inakuwa 25, inabaki 22 na nusu. Hesabu kamili ni 22.7 lakini hiyo 22 na nusu ndo ikulinde, wewe ishia hapo hapo maana mizani ya airport na ya kwako zinaweza zisisome sawa.

Sasa asali. Hapo ndo umekosea kweli, lita sio kilo, asali nzito kuliko maji, dumu la lita tano linafika kilo 7, yaani paundi 15 na ushee. Lipime lenyewe, lizungushie nailoni, liingie kwenye begi kubwa, ukilishika mkononi watakunyang'anya kwenye ukaguzi.

Halafu mabegi mawili hayasaidiani, moja likiwa kilo 26 na lingine 18 jumla ni 44 lakini lile la 26 unalipia. Mimi hilo lilinikuta Dar, nikafungua begi sakafuni nahamisha viatu na mchele huku foleni nzima inanitazama, na jamaa wa nyuma yangu anahesabu soksi.

Kupima, nyanyua begi lisiguse chini, tulia mpaka namba isimame. Nyama ya kukausha iache nyumbani, na vyakula vingine vyote vitaje forodhani. Nafasi ikibaki weka mlenda mkavu, mfuko mzima haufiki hata nusu kilo.