Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Babu Yenye Ua Lililosuguliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alipigana Burma dhidi ya Wajapani. Wiki chache zilizopita, tulipokuwa tukibomoa ghala lake la zamani, tulikuta darini bunduki ndefu iliyoviringishwa kwenye turubai. Nimeipima kwa futi ya fundi cherehani, nikapata karibu sentimita 128. Juu ya chuma, mtutu unapoanzia, kuna alama ya duara iliyosuguliwa kwa tupa ikabaki na ncha chache tu, na chini yake kuna maandishi matatu: la kwanza ni mistari mitatu iliyolala, la pili ni mistari miwili inayoachana kuelekea chini, la tatu siwezi hata kulieleza. Mzee mmoja wa mtaani anasema ni bunduki ya Mjerumani iliyobaki tangu vita vya 1916. Dalali mmoja naye anasema ni ya Kijapani, kwamba ina zebaki ndani ya kitako na itatupatia mamilioni. Nani mkweli, na thamani yake ni kiasi gani?
Mjukuu wa Keya, Isevya, Tabora

JIBU: Ndugu Mjukuu wa Keya, pole kwa kufiwa na mzee wetu. Kabla ya historia na bei, lipo moja lisilosubiri. Usiivute sehemu yoyote ya bunduki hiyo, usijaribu kuifungua, wala usiibebe kwenda nayo popote, kwa sababu hatujui kama mna risasi ndani. Iacheni ilipo, fungeni chumba, kisha mtu mzima wa familia aende kituo cha polisi kueleza ilivyopatikana ili askari waje kuichukua wenyewe. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila leseni, nanyi msijifariji kwamba uzee wake utawatetea.

Sasa tuje kwenye utambuzi, ambapo dalali amepatia nusu. Maandishi uliyoyaeleza ni tarakimu za Kijapani: mistari mitatu iliyolala ni tatu, na ile miwili inayoachana ni nane, na herufi ya mwisho ina maana ya "aina" au "muundo". Bunduki yako basi ni ile ya jeshi la Japani iitwayo Arisaka, ya Aina ya 38, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilipitishwa katika mwaka wa 38 wa utawala wa Mfalme Meiji, yaani 1905. Urefu wa sentimita 128 unakubaliana na hilo, na risasi yake ni ya milimita 6.5. Ingekuwa Aina ya 99, ambayo ilipitishwa mwaka 1939 na kutumia risasi nene zaidi ya milimita 7.7, ungeona herufi moja ikirudiwa mara mbili, na kwa kawaida ingekuwa fupi kwa kiasi cha shibiri moja.

Mzee wa mtaani naye asibezwe. Tabora ilikuwa ngome kubwa ya Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiingia Septemba 1916, na askari wengi wa Mjerumani walibeba bunduki ya Kijerumani iitwayo Mauser, ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na moshi mwingi. Hiyo, hata hivyo, hupokea risasi moja moja kwa mkono na haina magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) chini yake. Tena, kizuizi cha usalama cha Mauser ni kibawa kidogo kinachopinduliwa upande mmoja au mwingine, ilhali cha Arisaka ya Aina ya 38 ni kifuniko cha duara nyuma ya komeo (chuma kinachovutwa na kusukumwa ili kuingiza risasi), kinachosukumwa kwa kiganja na kuzungushwa. Hata bila hayo, ile alama ya duara, ambayo ni ua, imekwisha kumaliza ubishi.

Hilo ua ndilo lililonifanya nichague barua yako. Ni krisanthemamu yenye petali 16, nembo ya Mfalme wa Japani, na ilipigwa juu ya bunduki kuonyesha kwamba ni mali yake. Baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945, bunduki nyingi sana zilisuguliwa alama hiyo kabla ya kukabidhiwa, na nyingine zilikwisha kufutwa zamani, zilipotolewa jeshini na kupelekwa shuleni kwa mazoezi ya wanafunzi. Bunduki iliyonyakuliwa katikati ya mapigano, kama yale ya bonde la Kabaw ambako askari wa Afrika Mashariki waliwasukuma Wajapani mwaka 1944, kwa kawaida hukutwa na ua zima. Ua lenu lililosuguliwa linaelekea zaidi kusema kwamba silaha hii ilikabidhiwa vita vilipokwisha. Najua hili linaweza kugongana na hadithi mliyosimuliwa utotoni, lakini halimwondolei babu yenu heshima hata chembe: alikuwepo mpaka mwisho, na wengi hawakufika huko.

Kuhusu bei, zebaki haimo. Kitako cha Arisaka ni mti tu, na mara nyingi ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa urefu, jambo linalowafanya watu wadhani kimepasuka au kimefichwa kitu. Nchini kwetu bunduki isiyo na leseni haina bei halali hata ya shilingi moja, na anayekuahidi mamilioni anakuahidi kesi. Katika nchi zenye wakusanyaji waliosajiliwa, kama Marekani, ua zima hupandisha thamani na ua lililosuguliwa huishusha sana. Baada ya hapo hutazamwa namba: ile iliyo ubavuni kushoto hulinganishwa na tarakimu zilizo kwenye komeo, kwa kuwa komeo lililotoka bunduki nyingine hupunguza bei papo hapo. Kando ya namba hiyo huwa kuna alama ya kiwanda; duara nne zilizopangwa kama rundo la risasi za mviringo za mizinga ni Tokyo au Kokura, kwani kazi ya Tokyo ilihamia Kokura baada ya tetemeko kubwa la 1923. Tena kuna kifuniko chembamba cha bati kinachoteleza juu ya komeo kuzuia vumbi, ambacho askari wengi walikitupa kwa sababu kilipiga kelele porini, hivyo kikiwapo ni bahati. Lakini bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na ya kawaida yenye ua lililofutwa si hazina popote duniani.

Msiipake vanishi wala kuisugua kutu kwa msasa. Hilo huharibu ushahidi wote niliouandika hapa. Mkiikabidhi, andikeni maelezo ya babu, kikosi chake na picha zake, mwombe pia kwa maandishi kwamba Makumbusho ya Taifa waulizwe kama wanaihitaji. Kitabu chake cha utumishi na medali, kama vipo, vibaki nyumbani. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo urithi wenyewe.

SWALI: Nina singe (kisu cha kuchomeka kwenye mtutu) ya zamani yenye ndoano kwenye mpini. Je, ni ya bunduki hizo? Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Huenda. Singe ya Kijapani ya Aina ya 30 ina ubapa wa kama sentimita 40, na zile za awali zina ndoano kwenye kikingio cha mkono. Za baadaye zilinyooshwa ili kurahisisha kazi. Inaingia kwenye Aina ya 38 na ya 99 pia. Tazama kwenye shina la ubapa: ukiona zile duara nne, ni ya Kijapani. Usiichonge upya makali, na kabla ya kuiuza waulize polisi kwanza.