Switzer ni bingwa kweli
La, kaka, unasema Kathrine Switzer, yule mkimbiaji wa marathoni wa Marekani, ni mtu wa hotuba tu, lakini sivyo. Alishinda marathoni ya New York 1974, na mwaka uliofuata akawa wa pili Boston kwa saa 2:51:37, muda ambao wengi wetu hapa tungeuringia. Utangazaji ulifuata: 1984 alitangaza kwenye runinga ya ABC marathoni ya kwanza ya wanawake ya Olimpiki, kule Los Angeles. Kundi letu la mbio la Karura linaijua hadithi yake kwa sababu ya marathoni ya Boston 1967, afisa wa mbio alipomvamia njiani akitaka kumng'oa namba yake ya mbio, 261, kwa kuwa hakutaka mwanamke akimbie. Hilo ndilo lililompa jukwaa. Ila hakuwa mwanamke wa kwanza kumaliza mbio za Boston. Bobbi Gibb alimtangulia 1966, bila namba rasmi ya mbio.