Mtetemo wa mota na jenereta: maswali yenu ya wiki hii

Mota yangu inasoma 5, ni mbaya?

Tano nini? Milimita kwa sekunde, mikroni, au? Umepima upande gani, mzigo ulikuwa kiasi gani, mwezi uliopita ilisoma ngapi? Kila wiki naletewa swali hili hili. Haya, tuseme ni mm/s na mota ni kubwa, zaidi ya kW 300: kwa ISO 20816-3 (kiwango cha kimataifa cha mtetemo wa mashine) msingi ukiwa mgumu ukivuka 4.5 usiiache iendelee hivyo muda mrefu, ukivuka 7.1 hapo unaharibu mashine. Msingi unaonyumbulika, mipaka ni 7.1 na 11. Kwa hiyo tano yako inaweza kuwa sawa au isiwe sawa. Mimi mota iliyokaa kwenye 1 miaka yote halafu ghafla imefika 3 inanitisha kuliko ile iliyozaliwa na 4.

Mota ya poli mbili, umeme wa 50 Hz, inatetemeka kwenye 100 Hz. Tumebalansi mara tatu, wapi.

Na mkibalansi mara kumi ni hivyohivyo, kwa sababu rota (sehemu inayozunguka) isiyo na balansi inaonekana kwenye spidi ya mzunguko, yaani karibu 50, sio 100. Hii tabia ya kukimbilia balansi kila kitu kikitikisika jamani tuiache. Sasa shida ni kwamba mota hiyo inazunguka chini kidogo ya 3000 kwa dakika, mara mbili yake ni kama 99 na kitu, imebanana na 100 ya umeme (sumaku inavuta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme wa 50), na spektra (grafu ya mtetemo kwa kila frikwensi) yenye mistari michache itakuonyesha mlima mmoja tu wakati iko miwili. Ongeza mistari. Halafu kata umeme huku unaangalia skrini: mlima ukidondoka papo hapo ni sumaku, ukishuka polepole pamoja na spidi ni mekanika. Ikiwa ni sumaku anza na miguu, legeza bolti moja moja na dial geji (saa ya kupimia msogeo) iko juu ya mguu, mguu unaoruka umeipinda fremu na nafasi kati ya rota na stata (sehemu isiyozunguka) haiko sawa pande zote.

Beringi zetu ni za mafuta, sensa ya kubandika nje inatosha?

Haitoshi. Shafti inaelea kwenye mafuta, nyumba ya beringi ni nzito, shafti inaweza kuwa inacheza vibaya huku nje kumetulia. Weka proksi mbili (sensa zinazopima shafti yenyewe bila kuigusa) zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90, na upime mkwaruzo wa shafti, yaani kasoro za uso wake ambazo sensa inazisoma kama mtetemo, ikizunguka polepole kabla hujaanza kulalamika.

Jenereta inatetemeka zaidi tukiongeza mkondo wa fildi (umeme unaolisha sumaku ya rota).

Rota inapinda kwa joto. Shuku koili zilizoshoti ndani ya rota au njia za hewa zilizoziba. Balansi ya muda itaficha shida tu.

Tripu ya mtetemo (kinga inayozima mashine ikitetemeka sana) inatusumbua, tuiruke kwa muda?

"Kwa muda" ya nani? Kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, Urusi, Agosti 2009, turbini namba 2 ilikuwa inatetemeka kupita kiasi na bado inaendeshwa, bolti za kifuniko cha turbini zilikuwa zimechoka, zikakatika, maji yakaingia, watu 75 wakafa. Tripu ikipiga bila sababu kagua waya, ethi na sensa, ukilazimika kuiruka iandikwe, isainiwe, na iwe na saa ya kurudishwa.

Naweza kupima ncha za koili za stata kwa sensa ya kawaida?

Hapana! Pale pana volti kubwa, ni sensa za nyuzi za kioo tu, na zinafungwa mashine ikiwa imezimwa.