Re: Klachi mpya ya Samurai inashikia chini, rivasi inakwaruza

Waalaykum salaam sheikh. Kwa ulivyoeleza, Suzuki Samurai yako umeifunga klachi mpya, lakini pedali unaikanyaga mpaka sakafuni ndipo klachi inaachia, na ukiingiza rivasi inalia, usikimbilie kushusha gia boksi tena. Hiyo inaonekana ni kebo tu, ule waya unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye klachi. Pleti ya klachi ya zamani ilipokuwa inalika, pleyi ya pedali (ule mwendo wa bure kabla haijaanza kuwa nzito) ilikuwa inapungua, na fundi akawa anailegeza kebo kidogo kidogo. Sasa umefunga pleti mpya, nene, kebo imebaki na ule ulegevu wa zamani.

Ingia chini ya gari, tazama mkono wa klachi ubavuni mwa gia boksi. Mwisho wa kebo pana nati. Kaza mzunguko mmoja, rudi upime kwa kidole: pedali itembee bure kama sentimita 2 hadi 3 kabla haijaanza kuwa nzito. Usiimalize pleyi yote! Ukiimaliza, beringi ya klachi itakuwa inasukumwa muda wote, na klachi itateleza ukipanda mlima, injini inalia gari haliendi. Na milima ya huku Pemba unaijua mwenyewe.

Kabla ya hayo lakini, itoe kebo uivute kwa mkono. Kwa chumvi hii ya bahari nyuzi zinashika kutu ndani kwa ndani. Ikiwa inakwama, nunua mpya, kurekebisha ni kupoteza wakati.

Ukishatembea nayo wiki mbili hivi, ipime tena pleyi.